Sura ya Sita: Sanamu Iliyosimama Wima

Ubaya wa sanamu ile ni kwamba ilisimama vizuri mno.

Sajenti Kuramochi Sanae aliinama mbele ya kabati la kioo namba hamsini na nane, ghorofa ya pili ya duka la Mzee Niwa pale Osu, mjini Nagoya, akailinganisha na picha ya mkononi kwa mara ya nne. Kwenye picha, Shirane, mlinda lango wa gemu la Mlango wa Kaskazini, alikuwa amelalia upande wa kushoto kama mtu aliyeangusha sarafu na sasa anaitafuta. Joho lake lilikuwa la manjano kama meno ya mnywa chai. Kwenye kabati, Shirane huyo huyo alikuwa wima kama askari wa gwaride, na joho lake lilikuwa jeupe kama wali.

Mama wa kijana aliyepotea alikuwa ameshatumiwa picha ya kabati kwa simu, na jibu lake lilikuwa fupi. Si yetu hiyo, alisema. Ya Tomo imepinda, imepinda tangu yuko sekondari.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Hibino Tomohisa, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa ametoka nyumbani kwao Ijumaa na boksi la sanamu hiyo kwapani, baada ya miaka miwili ya kutokanyaga nje ya chumba chake ila kwenda hospitali. Alikuwa na kisukari tangu utotoni. Mama yake, Hibino Kazue, alihesabu kalamu za insulini kwenye friji akakuta imepungua moja. Daktari alisema kalamu moja ingemfikisha Jumatano usiku, kama haikupigwa na jua. Mvua ya Ijumaa na Jumamosi ilikuwa imekatika, na jua la Jumapili na Jumatatu lilikuwa la kulainisha lami.

Mkuu wa kitengo alikuwa na jibu lake tayari. Kijana wa kujifungia ndani, simu imezimika karibu na stesheni ya Kanayama, na mfereji uko hatua chache kutoka pale. Tangu jana boti mbili zilikuwa zinapapasa mfereji kwa vijiti. Kuramochi alipewa siku moja ya kumalizia maduka ya sanamu, faili lisije likaonekana tupu. Taarifa ya kupotea ilikuwa imetumwa vituo vya Nagoya tu, kwa kuwa maiti haipandi treni, kama mkuu alivyosema huku akitafuna.

"Fungua kabati, mzee," Kuramochi alisema.

Mzee Niwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na kipande cha mkate wenye siagi alichopandisha kutoka mkahawa wa chini. Alikuwa amekodisha makabati mia na ishirini kwa watu wa kila aina, kila mmoja akipanga vitu vyake na bei yake, na yeye akikata asilimia.

"Afande, kabati si langu. Mimi nakodisha vioo. Vilivyomo ni vya watu."

"Nikirudi na kibali cha hakimu nitakuja na wenzangu sita. Na wenzangu wana mikono mizito."

Mzee alivitazama vioo vyake safu kwa safu. Akafuta siagi kwenye vidole, akatoa funguo. "Vaa glavu," alisema. "Na usiipumulie."

Kuramochi aliitoa sanamu na boksi lake, akaviweka juu ya kitambaa kwenye kaunta. Hakuwa mjuzi wa mambo haya, na hakujifanya mjuzi. Aliuliza tu kwa nini ya kwenye picha ilipinda, na Mzee Niwa akaeleza kwa kirefu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kwa kalamu na daftari. Plastiki ya joho na nywele ni laini, alisema, na ulaini huo ni wa mafuta yaliyochanganywa humo. Plastiki ya kibao cha chini ni ngumu, nyingine kabisa. Wachongaji wa Shirane walimpa joho zito na vifundo vya miguu vyembamba kama njiti, kwa sababu ndivyo alivyo kwenye gemu. Uso mzuri ukawafumba watu macho. Kiangazi cha tatu vifundo vikachoka, na karibu zote za toleo lile zikaanza kuinama. Halafu mafuta yakaanza kutoka kama jasho. Walioziacha kwenye boksi bila kufungua, wakidhani wanazitunza, ndio walioziharibu zaidi, maana zilikosa hewa zikawa zinanata kama peremende iliyolambwa.

"Wote walinunua ghali," alimaliza, "na wote walinunua kitu kinachooza polepole. Ila ukiwaambia wananuna."

"Na hii mbona haikuinama?"

Mzee alivuta miwani. Huyu mpangaji wa hamsini na nane, alisema, anaitwa Kajita Shuhei. Ni fundi. Ana maji ya moto, ana dawa ya kutoa madoa, ana mkono. Kwenye mitandao wanamwita Daktari wa Vifundo. Sanamu iliyonyoka ya toleo hili ni yen laki moja na elfu themanini. Iliyopinda utaipata kwa elfu ishirini, na mwenyewe atakushukuru.

Kwa hiyo huenda ilipinda, Kuramochi aliwaza, kisha ikanyoshwa. Lakini kama zote zilipinda, ya Tomo ilikuwa moja kati ya mia kadhaa. Hakimu asingempa kibali kwa hilo, na mkuu wake asingetoa boti mferejini kwa hilo.

Aliomba kioo cha kukuzia.

Kibao cha chini kilichongwa kama sakafu ya mawe. Safu ya mbele ilikuwa na mawe saba. Juu ya jiwe la pili na la tatu kutoka kushoto palikuwa na alama, ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, isiyong'aa, imejikunja kama utando wa maziwa. Aliipitishia kidole cha glavu. Ilikuwa shimo, si doa.

Mzee Niwa aliinama naye, kichwa kwa kichwa. Mafuta, alisema baada ya muda. Plastiki laini ikilala juu ya ngumu miaka na miaka, yale mafuta yanaila ile ngumu. Hilo halitoki kwa dawa wala kwa msasa.

"Pindo la joho sasa liko wapi?" Kuramochi aliuliza.

Pindo lilikuwa hewani. Kati yake na mawe kidole kizima kingepita. Sanamu iliyosimama wima isingeweza kujichimbia shimo lile.

"Zile nyingine ulizoziona, zinaangukia jiwe la ngapi?"

"La nne," mzee alisema bila kufikiri. "Zinaanguka mbele moja kwa moja. Zote. Hii imeenda pembeni." Akavuta miwani tena. "Sijawahi kuona iliyoenda pembeni."

Kuramochi aliweka picha iliyotoka kwa Kazue karibu na kibao, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kwenye picha pindo lilikuwa limelala juu ya jiwe la pili na la tatu kutoka kushoto.

Alipiga simu. Kazue alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Kuramochi hakumpa tumaini lolote. Alimwomba tu aingie chumbani kwa Tomo, achukue betri ndogo ya rimoti, ailaze kwenye rafu ile ya sanamu aone itaenda wapi. Alisikia mlango ukisukumwa, pazia la rafu likivutwa, halafu kitu kikidunda sakafuni.

"Imeanguka," Kazue alisema. "Imeviringika kushoto, upande wa dirishani. Nyumba yetu imejengwa juu ya shamba la mpunga la zamani, imetitia. Baba yake alisema ataitengeneza, ndio hivyo, akafa."

"Mahali sanamu iliposimama, pakoje?"

"Pana vumbi."

"Pembeni pana vumbi, au hapo hapo ilipokaa?"

Kazue aliinama kutazama. Hapo hapo pia, alisema. Vumbi jembamba, lakini lipo. Yeye rafu ile hakuwa akiigusa, kijana aliweka pazia na mama akaliheshimu. Ijumaa aliona boksi tu. Hakuona kilichomo ndani.

"Mama Hibino, mimi nitakupigia," Kuramochi alisema. "Acha simu iwe wazi."

Aligeukia boksi. Lilikuwa na kioo cha plastiki mbele, na kwa mbali lilionekana zima. Karibu, karatasi ya upande mmoja ilikuwa imevimba na kuachana. Iliingia maji, ikakauka. Katikati ya uvimbe ule palikuwa na mkanda mnene ambao haukulowa kabisa, mpana kama mkono wa mtu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kuramochi alilikumbatia boksi kwapani. Mkono wake ulikaa juu ya mkanda ule sawasawa.

"Fundi kama huyo angetembea na boksi kwenye mvua?" aliuliza.

"Kajita? Huyo anavisha mifuko miwili hata kukiwa na mawingu."

"Ameleta lini?"

Mzee alifungua daftari la wapangaji. Jumatatu, saa sita mchana. Jana.

Mambo yakajipanga. Sanamu iliondoka kwenye rafu wiki kadhaa kabla, kwa posta bila shaka, bila boksi lake, maana fundi hahitaji boksi. Boksi lilitoka Ijumaa, tupu, kwapani mwa kijana, likanyeshewa. Sasa vyote viwili vilikuwa kaunta moja. Madukani Kuramochi alikuwa akimtafuta mtu aliyekwenda kuuza sanamu. Tomohisa alikuwa amekwenda kuchukua ya kwake. Na alifika.

"Mpigie Kajita," alisema. "Mwambie kuna mteja ana maswali."

Kajita Shuhei alifika baada ya dakika arobaini, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, glavu nyeupe mfukoni. Alimwona mwanamke wa makamo mwenye mkoba, akatabasamu kwa upole. Kuramochi hakutoa kitambulisho. Alisema anataka kuinunua kwa ajili ya mpwa wake, ila ana wasiwasi na ubora.

Kajita alijibu bila haraka. Alisema ameinunua mwezi wa tano kwenye maonyesho, kwa mtu asiyemjua, sanamu na boksi pamoja, ikiwa imekaa vizuri tangu mwanzo. Haijawahi kuguswa na fundi.

Kuramochi aliitikia kwa kichwa, akaigeuza sanamu, akachungulia kifundo cha kushoto kwa kioo.

"Mimi si mjuzi," alisema. "Lakini hapa naona kama mtu amepachovya kwenye maji ya moto akapakunja kwa pupa. Kiangazi kijacho itaanguka tena. Kazi ya mwanafunzi hii."

Mzee Niwa alikohoa, akashughulika na mkate wake.

Kajita aliendelea kutabasamu, lakini shingo yake ilibadilika rangi. Alivaa glavu kwanza. "Mama, samahani, hujui unachokitazama," alisema. "Maji ya moto ni ya watoto. Hapo kuna pini ya shaba, imepita kwenye kifundo hadi kwenye paja, tundu limetobolewa kwa sindano, hulioni hata ukilitafuta. Hiyo haitapinda wewe na mpwa wako mkizeeka. Na hilo joho limepakwa dawa ya madoa likakaa juani siku tatu mfululizo, nikiligeuza kila baada ya nusu saa. Mwanafunzi gani anaweza?"

"Siku tatu zipi?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu, kabla ya..."

Aliitazama sanamu. Mzee Niwa aliacha kutafuna.

Kuramochi alitoa kitambulisho, akakiweka karibu na kibao cha mawe. Akamwonyesha picha, jiwe la pili na la tatu. Akamwonyesha alama ya mkono kwenye boksi. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba sanamu ataizungumzia baadaye, na mtu mwingine, na pengine kwa miezi. Yeye alitaka kujua jambo moja tu, kijana alitoka kwake saa ngapi Ijumaa na alielekea wapi.

"Sikumgusa," Kajita alisema.

"Sijakuuliza."

Ilitoka vipande vipande. Walikuwa wakiandikiana tangu mwezi wa pili, kila usiku. Kijana hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye, alisema, na mara nyingine alimuuliza hata yeye Kajita kama ameshakula. Yeye alikuwa mpole kwake, alimjibu kila alichoandika. Akajitolea kuitengeneza bure. Ilipokamilika aliitazama, akajua hataweza kuirudisha. Akaandika kwamba imechelewa, akaandika tena, na tena. Hakutegemea kabisa kwamba mtu yule angetoka nyumbani kwake. Ijumaa saa saba mchana alifungua mlango akamkuta amesimama kwenye mvua na boksi tupu, amevaa viatu vya shule.

"Nilimwambia haipo kwangu. Nilimwambia kifundo kilinishinda, nimeipeleka kwa mwalimu wangu huko milimani. Aniachie boksi, mimi nitalihifadhi. Nikamwandikia anwani aende mwenyewe." Alitazama glavu zake. "Nilidhani atarudi nyumbani. Mtu wa namna ile, ningejuaje kwamba atakwenda?"

"Anwani ipi?"

Kajita alizinyosha glavu vidoleni.

"Mwalimu wako anakaa wapi?"

"Hakuna mwalimu," alisema. "Niliitunga pale pale mlangoni. Sikumbuki."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita. Kuramochi aliutazama mfuko wa ngozi aliokuja nao Kajita. Aliuliza kwa kawaida anawaandikia wateja kwenye nini. Kwenye kitabu cha stakabadhi, Kajita alisema. Cha kaboni? Cha kaboni.

"Kitoe."

Karatasi ya juu ilikuwa imechanwa na kuondoka na kijana. Ya chini yake ilikuwa imebaki, maandishi ya buluu, hafifu, yasiyo na haraka hata kidogo. Kamiozawa, wilaya ya milimani, mkoa wa Gifu, mtaa wa tatu, nyumba namba tisa. Aliteleza huko kwenye theluji akiwa mtoto, Kajita alisema sasa. Ndiyo. Kamiozawa. Lilikuwa jina la kwanza lililomjia.

Kamiozawa ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa treni, mabadiliko mawili. Stesheni ya kubadilishia ya kwanza ilikuwa Kanayama. Kituo cha polisi cha kule kilikuwa nyumba moja yenye askari mmoja aliyeishi humo na mkewe. Mke ndiye aliyepokea, akamwita mumewe kutoka bustanini. Kuramochi alimsomea jina, umri, viatu vya shule.

"Huyo wa karatasi?" askari alisema. "Alinisimamisha hata mimi, Jumamosi. Anatafuta namba tisa mtaa wa tatu. Nikamwambia mtaa wa tatu unaishia namba tano, akashukuru akaendelea. Nilidhani ni fundi wa mita. Analala stesheni, nasikia, yule mama wa tofu anampa chakula. Kwani amefanya nini?"

"Ni mgonjwa. Usikate simu. Nenda nayo."

Alisikia baiskeli, changarawe, pumzi za mtu mnene akipanda kilima. Ilichukua dakika kumi na moja, na kwa muda huo Kuramochi alimwandikia Mzee Niwa kwenye kipande cha karatasi amwitie kwa simu ya duka gari la wagonjwa la wilaya ile. Mzee aliitikia na kupiga, mgongo kwa Kajita.

"Nimemwona," askari alisema. Halafu sauti yake ikawa ya chini. "Amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu. Midomo imepasuka. Ananuka kama matunda yaliyooza, na anazungumza taratibu sana. Ananijibu, lakini. Anasema kalamu yake ilipata moto mfukoni, tangu jana haimsaidii."

"Gari liko njiani. Mkalishe kivulini, mpe maji kidogo kidogo."

Maneno yalipita kule, yakarudi. Askari alisema kijana hataki kusogea. Anasema labda namba zilibadilishwa zamani, na mtaa wa juu bado ana nyumba tatu hajabisha. Amejaribu kumshika mkono, na amejishikilia nguzo. Hana nguvu, ila amejishikilia.

Kuramochi alibonyeza spika, akaiweka simu juu ya kaunta, mbele ya Kajita.

"Mwambie wewe," alisema.

Kajita aliitazama simu. Alivua glavu moja, kisha nyingine, akazikunja, akazipanga pembeni kana kwamba kulikuwa na kazi ya kufanya. Kutoka milimani zilisikika nyenje na mtu akihema karibu na simu.

"Hibino," alisema. "Mimi Kajita. Sikiliza. Hakuna namba tisa. Hakuna mwalimu. Sanamu iko hapa kwangu, ilikuwa hapa siku zote. Usibishe tena hodi. Nenda na huyo askari."

Nyenje ziliendelea kulia. King'ora cha gari la wagonjwa kilisikika mbali upande wa kule, kikakaribia, kikanyamaza. Milango ilifunguliwa. Kisha sauti ya kijana ikaja, kavu, ya adabu, kama ya mtu anayefunga mazungumzo dukani.

"Sawa, Daktari," alisema. "Asante kwa kunifahamisha."